Kivu Kusini: Gogo linalooza msituni Kahuzi si takataka

Katika soko la Mudaka, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Kavumu, mti una bei kila unapobadilika sura. Makala yana bei yake, kwa mfuko mzima au kwa kipimo. Mbao zina bei yake, kuni zina bei yake. Hata uyoga wa msimu wa mvua, ukipangwa kwenye sinia, una bei. Kitu kimoja tu hakina bei: gogo la mti mzee lililoanguka msituni, likiwa limeota uyoga mgumu ubavuni na likioza polepole. Watu wengi wakiliona wanasema ni mali iliyopotea bure.

Wataalamu wa msitu wanasema kinyume. Gogo hilo, na mti mzee uliosimama ukiwa na shimo katikati, ndiyo makao ya viumbe ambavyo haviwezi kuishi mahali pengine popote. Miongoni mwao ni aina za uyoga zinazokula ubao wa miti mikubwa. Mti ukikatwa kabla ya kuzeeka, au gogo likichukuliwa kabla ya kuoza, uyoga huo hauna pa kwenda.

Swali hili linaihusu Mudaka moja kwa moja. Kituo hiki cha biashara kiko katika teritware ya Kabare, kwenye barabara ya kitaifa nambari 2 inayounganisha Bukavu na Goma. Ukisonga mbele kidogo unafika Miti, na kutoka hapo barabara ya kitaifa nambari 3 inapanda kuelekea Tshivanga na kupita ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega. Kwa hiyo soko na msitu ni majirani.

Uyoga unafanya kazi gani ndani ya mti?

Uyoga tunaouona kwenye mti ni kama embe kwenye mwembe: ni tunda tu. Mwili wenyewe wa uyoga uko ndani ya ubao. Ni nyuzi nyembamba sana, nyeupe au za rangi ya kahawia, zinazopenya kwenye mti kwa miezi na miaka kabla ya tunda kujitokeza nje. Baadhi ya matunda hayo ni laini na huisha kwa siku chache. Mengine ni magumu kama ubao wenyewe, yamekaa kama rafu ndogo kwenye shina, na huongeza tabaka jipya mwaka hadi mwaka.

Kazi ya uyoga huo ni kuvunjavunja ubao. Ubao umejengwa kwa vitu viwili vikubwa: selulosi, ambayo ni nyuzi zake, na lignini, ambayo inazishika nyuzi hizo kama simenti inavyoshika mawe ya ukuta. Lignini ni ngumu mno. Uyoga ndio karibu viumbe pekee vinavyoweza kuivunja kabisa. Aina fulani hula lignini na kuacha ubao mweupe, wenye nyuzi, laini kama sifongo. Nyingine hula selulosi na kuacha ubao wa rangi ya kahawia, unaokatika vipande vya pembe nne.

Bila kazi hiyo, magogo yangerundikana msituni na chakula kilichomo ndani yake kisingerudi kwenye udongo. Mkulima anayeweka samadi shambani anajua maana ya jambo hili. Msituni hakuna anayebeba samadi. Kazi hiyo inafanywa na uyoga, wadudu na bakteria.

Watu wengi wanadhani mti wenye shimo ndani ni mti unaokufa. Si lazima iwe hivyo. Kiini cha mti mkubwa kimeshakufa kitambo. Maji hupanda kwa kupitia ubao mchanga ulio karibu na ganda. Uyoga ukila kiini peke yake, mti unaweza kuendelea kuishi miaka mingi ukiwa na uwazi ndani. Uwazi huo ndio unaogeuka kuwa nyumba ya nyuki, popo, bundi, hondohondo na kasuku. Kwa maneno mengine, uyoga ndio seremala anayetengeneza nyumba za wengine.

Hata gorila anautafuta

Kivu inajulikana duniani kwa sababu ya gorila. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ili kuwalinda gorila wa Grauer, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yanasema wamebaki takriban 6,800. Kila mwanafunzi wa Kabare amesikia habari zao. Lakini ni wachache wanaojua kwamba gorila na uyoga wa miti wana uhusiano.

Dian Fossey, Mmarekani aliyechunguza gorila wa milima ya Virunga, alianza kazi yake mwaka 1967 upande wa Kongo, mahali panapoitwa Kabara, kabla ya kuhamia Rwanda. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 alieleza jinsi gorila wanavyoupenda uyoga mgumu unaoitwa Ganoderma applanatum, unaoota kwenye mashina ya miti. Ni kazi ngumu kuung'oa, na wale wadogo wanaoshindwa huutafuna ukiwa bado mtini. Mmoja akiupata, wengine wanaweza kumgombania.

Huko Bwindi, nchini Uganda, watafiti walijiuliza kwa nini gorila wanakula ubao uliooza, wakati ubao huo hauna lishe nyingi. Jibu lilichapishwa mwaka 2006: wanatafuta chumvi. Ubao uliooza ulikuwa chini ya asilimia 4 ya chakula chao, lakini uliwapa zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu waliyohitaji. Gorila hao walikuwa wakirudi kwenye kisiki kilekile mara kwa mara, kama vile ng'ombe wanavyorudi mahali penye udongo wa chumvi.

Huko Kahuzi kwenyewe, watafiti wa Kongo na Japani wameandika juu ya sokwe wanaotumia vijiti kutafuta asali ya nyuki wa msituni. Nyuki wa namna hiyo hukaa kwenye uwazi wa miti, na uwazi huo mara nyingi umechimbwa na uyoga. Mlolongo ni mmoja: uyoga, shimo, nyuki, asali, sokwe. Ukiondoa mti mzee, unaondoa vyote.

Mfano wa mialoni ya Uingereza

Wasomaji wa Biblia wanaujua mwaloni kwa jina, kwa sababu Abrahamu alikaa karibu na mialoni ya Mamre. Huko Ulaya mwaloni ni mti wa kawaida, na unaweza kuishi mamia ya miaka. Ndipo penye mfano mzuri wa jinsi uyoga wa miti mizee unavyolindwa.

Kuna uyoga mmoja, Buglossoporus quercinus, unaoota kwenye kiini cha mwaloni mzee tu. Kwa kawaida mti wenyewe unakuwa umepita miaka 250. Mwaloni wa miaka 100 ni mchanga kwake. Kwa kuwa Ulaya ilikata misitu yake ya kale karne nyingi zilizopita kwa ajili ya meli, nyumba na makala, uyoga huo umekuwa adimu sana. Tangu mwaka 1998, Uingereza imeuweka kwenye orodha ya viumbe vinavyolindwa na sheria. Ni kosa kuuchuma au kuuharibu kwa makusudi.

Lakini Waingereza waligundua kwamba kulinda uyoga pekee hakutoshi. Uyoga hauwezi kuishi bila mti wake. Kwa hiyo katika maeneo kama Windsor, wasimamizi wa msitu wanailinda mialoni mizee mmoja mmoja. Tawi likianguka, linaachwa chini. Mti ukifa, unaachwa umesimama. Na miti mipya inapandwa leo kwa ajili ya uyoga utakaohitaji makao baada ya miaka 200 na zaidi.

Hapa kuna somo la pili, ambalo ni gumu zaidi. Haitoshi kuwa na mti mmoja mzee. Lazima pawe na mti mwingine unaozeeka nyuma yake, na mwingine nyuma ya huo. Gogo linaoza, linaisha. Mbegu za uyoga, ambazo ni vumbi jepesi, hubebwa na upepo, lakini nyingi huanguka karibu. Kama gogo linalofuata liko mbali sana, au halitakuwepo kwa miaka 50 ijayo, ukoo wa uyoga huo unakatika mahali hapo. Kupanda miti upya baadaye hakuurudishi mara moja.

Ulaya inalipa leo gharama ya kurudisha kile ilichopoteza zamani. Kahuzi bado ina msitu wa kale, na kuutunza ni rahisi kuliko kuurudisha.

Miti mizee ya Kahuzi

Msitu wa milima ya Kahuzi una miti inayoweza kuwa mikubwa na mizee sana: Podocarpus, Hagenia, Symphonia, Parinari, na Prunus africana, ambao Bashi wanauita muhumbahumba. Huu wa mwisho una hadithi yake. Ganda lake linauzwa nje ya nchi kwa ajili ya dawa za tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mti ukibanduliwa ganda kuzunguka shina lote, unakufa. Mtu anaweza kusema: basi uyoga utapata chakula kingi. Ni kweli kwa muda. Lakini miti mingi ikifa kwa pamoja, karamu ni moja, kisha inafuata njaa ndefu.

Uyoga wa miti wa ukanda huu umeanza kuchunguzwa zamani. Ubelgiji ilianza mwaka 1935 kuchapisha mfululizo wa vitabu vyenye picha za uyoga wa Kongo. Mwaka 1980, Leif Ryvarden wa Norway na mwenzake Johansen walitoa kitabu kikubwa kuhusu uyoga mgumu wa miti wa Afrika Mashariki. Na kazi haijaisha: mwaka 2009 tu, watafiti Balezi na Decock walieleza aina mpya kabisa, Inonotus rwenzorianus, iliyopatikana kwenye milima ya Rwenzori. Ikiwa aina mpya bado zinapatikana kwenye milima ya jirani, kila gogo la kale linalochomwa Kahuzi linaweza kuwa limebeba kitu ambacho bado hakijapewa jina.

Dunia nzima iko nyuma katika jambo hili. Aina za uyoga zilizopewa majina ni karibu 155,000. Mnamo Machi 2025, shirika la IUCN lilitangaza kwamba aina zilizochunguzwa kwa ajili ya Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini zimefika takriban 1,300, yaani hazifiki hata moja kwa kila mia. Kati ya hizo, zisizopungua 411 ziko katika hatari ya kutoweka.

Kwa nini gogo linachukuliwa

Hakuna anayechoma makala kwa sababu anauchukia msitu. Bukavu ni mji mkubwa, na sehemu kubwa ya chakula chake kinapikwa kwenye mbabula. Umeme hukatika, na gesi ni ghali kwa familia nyingi. Mchoma makala anauza mfuko Mudaka au Miti ili alipe karo ya mtoto, anunue chumvi na sabuni, au amlipie mgonjwa hospitali.

Kwa mtu huyo, gogo lililoanguka ni rahisi kuliko mti uliosimama. Limeshakauka, halihitaji kuangushwa, na sauti ya shoka haisikiki mbali. Tena dhamiri haimsumbui: anasema hakuua mti, ameokota tu kilichokufa. Ndani ya mbuga, hata hilo ni kosa kisheria. Lakini zaidi ya sheria, ni lazima ijulikane kwamba katika msitu wa kale, gogo lililokufa lina uhai mwingi ndani yake.

Vita vimezidisha shida. Mbuga hii iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyoanza mwaka uliotangulia, iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu hapo, kila wimbi la mapigano, hadi lile lililofika Kavumu na Bukavu mwezi Februari 2025, limewakuta wakulima wale wale na msitu ule ule. Watu wakikimbia mashamba yao, wanatafuta pesa ya haraka, na makala ni pesa ya haraka.

Kuna pia kidonda cha Batwa. Walitolewa kwenye ardhi ya mababu zao mbuga ilipoundwa na kupanuliwa miaka ya 1970. Mwezi Julai 2024, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliwekwa hadharani: tume iliona kwamba haki zao zilivunjwa. Mtu akisema leo "tulinde uyoga", Mtwa asiye na shamba ana haki ya kuuliza: na mimi je? Mpango wowote wa kuhifadhi miti mizee usiowapa nafasi watu hao, ambao wanaujua msitu huo mti kwa mti, utakuwa na miguu ya udongo.

Kinachowezekana kuanzia Mudaka

Hatua ya kwanza ni makala yenyewe. Mikaratusi iliyopandwa kwenye vilima vya Kabare hukua haraka na inaweza kutoa makala bila kugusa mbuga. Haiwezi kuwa makao ya uyoga wa msitu wa kale, kwa sababu inakatwa ikiwa bado michanga, lakini inapunguza sababu ya kupanda Kahuzi. Mbabula inayotunza moto vizuri nayo inapunguza idadi ya mifuko ambayo familia inanunua kwa mwezi.

Hatua ya pili ni kulima uyoga. Uyoga wa Pleurotus, ambao msituni huota kwenye magogo, unaweza kulimwa nyumbani juu ya maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba au unga wa mbao unaobaki kwa maseremala. Vitu hivyo vyote vinapatikana Mudaka. Kinachohitajika ni mbegu safi, chumba chenye kivuli na unyevu, na mikono misafi. Mama anayevuna uyoga nyuma ya nyumba hana haja ya kwenda kuvunja gogo msituni.

Hatua ya tatu ni kwa miti mizee iliyobaki nje ya mbuga, kwenye viwanja vya parokia, vya shule na makaburini. Mti wenye shimo ukitishia nyumba, si lazima ung'olewe. Inatosha mara nyingi kukata matawi yaliyo hatari na kuacha shina limesimama. Tawi nene lililoanguka kwenye kona ya kiwanja linaweza kuachwa lioze hapo. Hizi ni gharama ndogo, na zinafungua mlango kwa uyoga, wadudu na ndege kuishi karibu na watu.

Hatua ya nne ni kuhesabu. Kituo cha utafiti cha Lwiro, ambacho historia yake ilianza mwaka 1947, kiko karibu na Mudaka na kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Uyoga mgumu wa miti ni rahisi kutunza kuliko ule laini: unakaushwa, unawekwa kwenye bahasha pamoja na jina la mti, mahali na tarehe, na unaweza kuchunguzwa hata baada ya miaka 100. Mwanafunzi wa biolojia wa Bukavu mwenye simu ya picha na daftari anaweza kuanza kazi hiyo kwenye kilima chake, bila kuingia mbugani.

Onyo moja ni la lazima. Uyoga usioujua usiuonje, hata kama umeota kwenye mti ambao ndugu zako wamezoea kuchuma. Na Ganoderma inayouzwa sokoni kama dawa ya kila ugonjwa isichukue nafasi ya daktari.

Sheria ya Kongo kuhusu uhifadhi wa mazingira, nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, ipo. Walinzi wa mbuga wapo pia, na wengine wamepoteza maisha wakiwa kazini. Lakini hakuna mlinzi anayeweza kukaa karibu na kila gogo la Kahuzi. Atakayeamua ni yule anayepita hapo na shoka begani, akiwa amechoka na ana watoto nyumbani. Kama Mudaka itampa njia nyingine ya kupata pesa hiyo, gogo litabaki mahali lilipoanguka.